Kufundisha uchambuzi wa uwekezaji na usimamizi wa potifolio kwa shahada ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wahadhiri waliopewa kozi hii kwa mara ya kwanza, kwa wasaidizi wa semina, na kwa wanafunzi wenyewe. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofundisha, ila mwenzangu wa Nairobi au Kampala ataikuta hali ileile kwake. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa nimetaja namba ya swali.

## Kabla ya muhula kuanza

1. Kozi hii inamfundisha mwanafunzi nini hasa?

Inamfundisha kufanya uamuzi kuhusu pesa ya kesho kwa taarifa za leo, kisha kuutetea uamuzi huo kwa maandishi. Fomula ni nyenzo za kazi hiyo. Mhitimu anayejua kukokotoa mkengeuko sanifu lakini hawezi kueleza katika ukurasa mmoja kwa nini angenunua hisa za benki fulani na kuziacha za kampuni ya saruji, hajaiva.

Haimfundishi kubashiri bei ya wiki ijayo. Liseme hili siku ya kwanza, waziwazi, kwa kuwa nusu ya darasa huja na tumaini hilo.

2. Wanafunzi waje na msingi gani wa hesabu?

Thamani ya pesa kwa wakati, wastani, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi faida inavyoyumba kando ya wastani wake), na uwezo wa kusoma mizania. Wengi wameshapita kozi hizo ila wamezisahau. Tumia wiki ya kwanza kuzirudia kwa mazoezi, usizihutubie. Matrisi na kalkulasi si lazima: potifolio, yaani mkusanyiko wa uwekezaji, ya hisa tano inakokotoleka vizuri kwenye Eksel.

3. Nianze na nadharia ya Markowitz ya kutawanya uwekezaji, au na hisa na hatifungani (hati za mkopo wa muda mrefu) zenyewe?

Anza na vitu vyenyewe. Harry Markowitz aliandika makala yake mwaka 1952 kwa wasomaji waliokuwa wanajua soko la hisa lilivyo. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu pengine hajawahi kuona hati ya gawio, wala hakuna mtu nyumbani kwao mwenye akaunti kwa dalali wa hisa. Ukimpa mchoro wa potifolio bora kabla hajajua hisa inanunuliwaje, ataukariri kwa mtihani na kuuacha mlangoni.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: soko na washiriki wake, hatifungani, hisa na taarifa za fedha, kisha hatari, potifolio na upimaji wa matokeo. Nadharia ikifika wiki ya saba au ya nane inakuta wanafunzi wana maswali ambayo yenyewe ndiyo inayoyajibu.

4. Vitabu karibu vyote vimeandikwa kwa soko la Marekani. Nifanyeje?

Vitumie kwa nadharia, mifano itoe hapa. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) likaanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL, ya gesi za viwandani. Soko la Nairobi ni la mwaka 1954. Historia hiyo fupi ina mengi ya kufundishia: ubinafsishaji wa mashirika ya umma, benki zilizouza hisa kwa wananchi, sheria iliyozitaka kampuni za simu kuorodheshwa, ambayo ndiyo iliyoileta Vodacom Tanzania sokoni mwaka 2017 kwa shilingi 850 kwa hisa.

Vitabu hivyo pia huchukulia kwamba unaweza kuuza wakati wowote bila kuisukuma bei, kwamba unaweza kuuza hisa ya kukopa, na kwamba gharama za kununua na kuuza ni ndogo. Dar es Salaam hayo matatu hayapo. Kila ukifundisha modeli, waulize wanafunzi ni sharti lipi kati ya hayo limevunjika hapa na jibu linabadilikaje. Swali hilo moja, likirudiwa muhula mzima, lina uzito kuliko sura nzima ya kitabu.

## Hatifungani na hisa darasani

5. Kwa nini hatifungani za Serikali zitangulie hisa?

Kwa sababu malipo yake yanajulikana, hivyo mwanafunzi anashughulika na jambo moja tu lisilojulikana: riba ya soko. Tena zinagusika. Benki Kuu ya Tanzania hufanya minada ya hatifungani za miaka 2 hadi 25, matokeo yake hutangazwa, na mtu binafsi anaweza kushiriki kuanzia shilingi milioni 1. Chukua tangazo la mnada wa karibuni uligawe darasani. Waulize kiasi gani kiliombwa, kiasi gani kilikubaliwa, na kwa nini Benki Kuu ilikataa maombi mengine.

6. Nifundisheje uhusiano wa bei na riba usikaririwe tu?

Tumia tukio la kweli. Hatifungani za miaka 20 zilikuwa na kuponi, yaani riba anayolipwa mwenye hatifungani, ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Mwaka 2022 kuponi za matoleo mapya zilishushwa. Ya miaka 20 ikawa asilimia 12.10. Waulize: mwenye hatifungani ya zamani amepata au amepoteza?

Waache wabishane kwanza, ndipo wakokotoe. Tuseme bado imebaki miaka 20 na riba ya soko ni asilimia 12. Kwa kila shilingi 100 anapokea shilingi 7.745 kila nusu mwaka, mara 40, na shilingi 100 mwishoni. Thamani ya sasa ya malipo hayo ni karibu shilingi 126.3. Hapo darasa hutulia, maana wengi walidhani hatifungani ni kama akaunti ya akiba ambayo thamani yake haitikisiki.

Kisha geuza upande. Chukua hatifungani mbili zenye kuponi ya asilimia 12, moja ya miaka 2 na nyingine ya miaka 25, riba ya soko ipande kutoka 12 hadi 14. Ya miaka 2 inashuka hadi karibu 96.6, ya miaka 25 inashuka hadi karibu 86.2. Sasa unaweza kuwaambia kwamba Serikali kulipa kwa uhakika hakumwondolei hatari mtu atakayelazimika kuuza kabla ya muda.

7. Wanafunzi wawili wamethamini hisa ileile, mmoja kapata shilingi 500 na mwingine 1,000. Nani amekosea?

Inawezekana hakuna aliyekosea. Gawio la mwaka ujao likiwa shilingi 50 na mwekezaji anataka faida ya asilimia 15, ukuaji wa gawio wa asilimia 5 unatoa thamani ya shilingi 500. Ukuaji wa asilimia 8 unatoa karibu 714. Ukuaji wa asilimia 10 unatoa 1,000. Fomula ni moja, aliyebadilika ni dhana.

Ndiyo maana nakataa kusahihisha jibu lenye namba moja. Mwanafunzi alete jedwali lenye dhana tatu na aandike anaamini ipi na kwa nini: mauzo yamekuaje, kampuni inagawa sehemu gani ya faida, ushindani ukoje. Akisema gawio litakua kwa asilimia 10 milele, muulize uchumi wa nchi unakua kwa asilimia ngapi na hiyo kampuni itakuwa kubwa kiasi gani baada ya miaka 50.

8. Wasome taarifa za fedha zipi?

Kampuni moja, miaka mitano, kuanzia mtiririko wa fedha taslimu na siyo ukurasa wa mwenyekiti. Kwa kuanzia chagua ya saruji au ya vinywaji. Benki zina mizania ya namna yake na huwachanganya wanaoanza. Benki zije baadaye, lakini zije, kwa kuwa CRDB na NMB zina uzito mkubwa sokoni kwetu na mchambuzi asiyejua kusoma uwiano wa mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) hawezi kufanya kazi hapa.

## Hatari, potifolio na fahirisi

9. Kuna njia fupi ya kuonyesha nguvu ya kutawanya uwekezaji?

Ipo, na inatosha ubao mmoja. Hisa mbili: ya kwanza ina mkengeuko sanifu wa asilimia 20, ya pili 30. Weka nusu kwa nusu. Zikitembea pamoja kabisa, potifolio ina asilimia 25, yaani wastani wa kawaida. Uhusiano wao (1 ni kutembea pamoja kabisa, sifuri ni kila moja na njia yake) ukiwa 0.2, inashuka hadi karibu 19.6. Ukiwa sifuri, karibu 18.

Wasimamishe kwenye 19.6. Umeongeza hisa yenye hatari kubwa zaidi, na mchanganyiko umekuwa na hatari ndogo kuliko ile hisa tulivu ikiwa peke yake. Hilo ndilo Markowitz alilolionyesha, na ndilo lililompa tuzo ya Nobel mwaka 1990 pamoja na William Sharpe na Merton Miller. Usiende kwenye mchoro mpaka kila mtu amelikokotoa kwa mkono wake.

10. Tutumie wastani upi wa faida?

Hisa imeshuka kwa asilimia 50 mwaka huu na kupanda kwa asilimia 50 mwaka ujao. Wastani wa kawaida ni sifuri, lakini shilingi 1,000 imekuwa 750. Wastani wa kijiometri unasema ukweli: hasara ya karibu asilimia 13.4 kwa mwaka. Kwa kueleza yaliyopita tumia wa kijiometri. Kwa kukadiria mwaka mmoja ujao, wastani wa kawaida una nafasi yake. Na kila faida ya miaka mingi iondolewe mfumuko wa bei kabla haijasifiwa.

11. Beta za hisa za Dar es Salaam zinatoka ndogo mno, nyingine karibu na sifuri. Tumekosea wapi?

Beta hupima hisa inavyotembea soko likitembea. Hesabu huenda ni sahihi. Tatizo ni data. Hisa nyingi hapa hukaa siku kadhaa bila kuuzwa. Siku hizo bei ya mwisho hurudiwa, kwa hiyo faida inaandikwa sifuri wakati soko limetembea. Beta inashuka, na mwanafunzi anahitimisha kwamba hisa hiyo ni salama. Ni kinyume: hisa isiyouzika ina hatari yake, ila kipimo hiki hakiioni.

Mambo manne husaidia. Tumia faida za mwezi badala ya za siku. Mwanafunzi aripoti ni siku ngapi katika kipindi chake hisa haikuuzwa kabisa. Safu hiyo moja kwenye jedwali huwafungua macho. Kwa wenye kasi, waongeze faida za soko za kipindi kilichotangulia na kinachofuata kisha wajumlishe beta hizo, kama Elroy Dimson alivyopendekeza mwaka 1979. Mwisho, beta hiyo wailinganishe na ya kampuni za sekta ileile kwenye soko kubwa zaidi, wakieleza tofauti. Hisa iliyosimamishwa kabisa ni jambo jingine. Tazama swali la 19.

12. Tutumie fahirisi gani kama kipimo cha soko?

DSEI hujumuisha kampuni zote zilizoorodheshwa, pamoja na za Kenya zilizoorodheshwa Nairobi na Dar es Salaam. TSI ni ya kampuni za ndani peke yake. Hivyo DSEI inaweza kushuka kwa sababu ya habari za Nairobi wakati kampuni za Tanzania zimetulia. Kwa kazi inayohusu hisa za ndani, TSI inafaa zaidi.

Wape zoezi la kuhesabu kampuni tano kubwa zinachukua sehemu gani ya thamani ya soko lote la ndani. Wakishaona, wataelewa kwa nini kuishinda fahirisi hapa wakati mwingine ni suala la kuwa na benki moja au kutokuwa nayo.

13. Riba isiyo na hatari ni ipi kwetu?

Dhamana za Serikali za siku 364 kama upeo wa uwekezaji ni mfupi, hatifungani za muda mrefu kama unathamini kampuni kwa miaka mingi. Lililo muhimu ni kutumia riba hiyohiyo unapokadiria ziada ya soko, yaani faida ya soko inayozidi riba hiyo.

14. Je, soko letu ni fanisi?

Usijibu wewe. Eugene Fama aliweka hoja ya ufanisi, kwamba bei tayari zinabeba taarifa zilizopo, mwaka 1970, na mwaka 2013 alipata Nobel pamoja na Robert Shiller, ambaye kazi yake inaonyesha bei zikiyumba kuliko gawio linavyostahili. Waambie wanafunzi hivyo, kisha kila kundi lichague tangazo moja la gawio na kufuatilia bei kwa siku kumi kabla na siku kumi baada. Wengi wataona bei haikusogea. Hapo ndipo mjadala unapoanza: soko lilijua mapema, au hakukuwa na muuzaji?

## Mazoezi, mashindano na alama

15. Wanafunzi wawekeze pesa halisi?

Si kama sharti la kozi. Kuna wanaosoma kwa mkopo wa Serikali na pesa ya kujikimu, na haifai kumweka mtu mahali pa kuchagua kati ya chakula na alama. Pesa ya mfano inatosha. DSE imekuwa ikiendesha mashindano ya uwekezaji kwa wanafunzi, na wanaotaka kushiriki wasaidiwe. Anayetaka kununua kwa pesa yake mwenyewe afanye hivyo nje ya kozi. Vipande vya mifuko ya pamoja ya uwekezaji ya UTT AMIS, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, ni mlango unaofaa kwa kiasi kidogo.

Hata kwa pesa ya mfano, gharama ziwe za kweli. Weka takriban asilimia 2 kila wanaponunua na kila wanapouza. Kundi linaloingia na kutoka kila wiki litaona pesa inavyoliwa.

16. Aliyepata faida kubwa zaidi apewe alama nyingi zaidi?

Hapana, na hili ndilo jambo ninaloliona zito kuliko mengine yote kwenye ukurasa huu. Muhula una wiki kumi na tano. Katika muda huo faida ni bahati kwa sehemu kubwa, na ukiitolea alama unawafundisha wanafunzi kuweka kila kitu kwenye hisa moja na kuomba dua. Walio waangalifu wataadhibiwa kwa uangalifu wao.

Nasahihisha maandishi yaliyowekwa kabla ya ununuzi: sababu, thamani iliyokadiriwa, kitu kitakachoonyesha kwamba sababu imekosewa, na kiwango cha hasara kinachovumilika. Mwisho wa muhula kundi linarudi kwenye karatasi hiyo na kueleza kilichotokea. Lililopata hasara kwa sababu nzuri hupita lile lililopata faida bila sababu.

Tukio ninalolitumia kulieleza ni Safaricom. Mwaka 2008 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya, maombi yakazidi hisa zilizokuwapo. Siku za mwanzo bei ilipanda. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita 40. Aliyenunua 2008 alikuwa sahihi au alikosea? Ukiwauliza kwa tarehe tatu tofauti watakupa majibu matatu tofauti, kumbe uamuzi ulikuwa ni uleule mmoja. Kinachoweza kuhukumiwa ni alichokijua na alivyokipima siku alipojaza fomu.

17. Kazi ya kundi inaandikwa na mmoja, au na akili mnemba. Nizuieje?

Dawa ni moja kwa yote mawili: utetezi wa mdomo wa dakika kumi. Chagua mwanakundi yeyote, mwonyeshe namba moja kwenye ripoti yao, aeleze ilikotoka na nini kitabadilika ikiongezeka. Akili mnemba ruksa kwa kusafisha jedwali na kurekebisha lugha, mradi watamke walivyoitumia. Waonye kwamba huzua takwimu za kampuni zetu kwa ujasiri mkubwa. Kila namba iwe na ukurasa wa ripoti ya mwaka.

## Hali za pembeni

18. Mwanafunzi anasema imani yake haimruhusu riba. Afanye kazi gani?

Afanye kazi ileile, akiwa na masharti yake. Kila mwekezaji ana masharti, na kuyaandika ni sehemu ya taaluma. Aondoe hatifungani, benki za kawaida, bia na sigara, kisha ajenge potifolio kwa kilichobaki: saruji, mawasiliano, huduma za viwanja vya ndege, gesi za viwandani na vichache vingine. Akokotoe mtawanyo umepungua kiasi gani (njia iko kwenye swali la 9) na aeleze sukuk (hati za uwekezaji za Kiislamu zisizo na riba) zingeziba pengo lipi. Mara nyingi hii huwa ripoti bora darasani, kwa kuwa mwandishi wake amelazimika kufikiri. Usimpe kazi nyepesi mbadala, ni kumdharau.

19. Hisa iliyomo kwenye potifolio imesimamishwa. Tuiweke thamani gani?

Kenya Airways ilisimamishwa Nairobi Julai 2020 na ikarudi Januari 2025. Miaka yote hiyo bei ya mwisho ilikuwapo kwenye skrini, lakini hakuna aliyeweza kuipata. Wanafunzi watoe thamani mbili: ya bei ya mwisho, na ya makadirio yao kwa kuangalia mizania. Kwenye hesabu ya beta, kipindi hicho kiondolewe kabisa.

20. Nifanyeje wakiuliza kuhusu foreksi, sarafu za kripto na "fursa" za kwenye simu?

Jibu, usikwepe. Wasipoyasikia kwako watayasikia kwa anayewauzia. Tumia vipimo vya kozi yenyewe: malipo yanatoka wapi, nani anasimamia, unatokaje, faida inayoahidiwa ni mara ngapi ya hatifungani ya Serikali. Kisha wape mfano wa DECI, mpango wa upatu uliovuma Tanzania. Watu "walipanda mbegu" na kuahidiwa mavuno makubwa, Serikali ikaingilia kati mwaka 2009, na waliochelewa kuvuna wakabaki na stakabadhi. Mkokotoe pamoja: kama kila anayevuna analipwa na wapandaji wapya, wanahitajika wangapi mwezi wa sita, wa kumi, wa kumi na mbili? Eksel itaishinda idadi ya watu wa mkoa kabla mwaka haujaisha.

21. Wazazi na wafanyakazi wenzangu wananiuliza wanunue hisa gani. Niwajibu?

Ushauri wa uwekezaji ni kazi yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Waelekeze kwa dalali au mshauri mwenye leseni, na orodha yao iko kwa Mamlaka hiyo. Unachoweza kumpa mzazi ni maswali manne ya swali la 20, aende nayo kwa dalali.